Maktaba ya mtandaoni isiyosomeka

Kwa Mhariri,

Sioni tangu nikiwa mtoto, na simu ndiyo inayonisomea kila kitu: ujumbe wa M-Pesa, magazeti, hata vituko vya kundi letu la familia. Basi niliposikia maktaba moja hapa Mombasa imeweka vitabu vyake mtandaoni, nilifurahi. Nikajua sasa sitavuka tena feri ya Likoni kwenda kutafuta mtu wa kunisomea.

Kwanza nikatakiwa nichague picha zenye taa za barabarani, nithibitishe kuwa mimi si roboti. Mpwa wangu alicheka hadi akakaa chini, kisha akanichagulia. Ndani nako simu ikawa inasema tu: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Cha kutafutia ni kipi, cha kufungulia ni kipi, haijui, kwa sababu aliyevitengeneza hakuvipa majina. Nikabahatisha mpaka kitabu cha historia ya Mji wa Kale kikafunguka. Sauti ikasema "picha", ikanyamaza. Ukurasa wa pili, "picha". Kumbe kurasa zimepigwa picha zikaachwa hivyo hivyo!

Nilipopiga simu kuuliza, nilijibiwa kwa adabu kuwa kuzigeuza ziwe maandishi ni kuvunja hakimiliki. Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, mkataba wa kimataifa unaolegeza hakimiliki ili wasioona wapate vitabu wanavyoweza kuvisoma, ulitungwa kwa ajili ya watu kama mimi. Kenya ilijiunga nao 2017, na mwaka 2019 Sheria ya Hakimiliki ikarekebishwa ili nakala tunazoweza kuzisoma zitengenezwe na taasisi zilizoruhusiwa, bila kumwomba mwenye kitabu.

Wala si gharama kubwa. Programu za kutambua herufi kwenye picha zipo, nyingine za bure. Hukosea hapa na pale, najua, na sauti yenyewe hutamka "Kisauni" kama mgeni aliyeshuka melini jana. Nimeshaizoea, nitaelewa.

Ombi langu kwa wahusika: kabla hamjaongeza kitabu kingine, mwiteni mmoja wetu akae kwenye kompyuta yenu, skrini imezimwa, atafute kitabu kimoja tu nanyi mkimsikiliza. NVDA, programu inayosoma skrini, hailipiwi. Nauli nitajilipia.

Msomaji asiyeona,
Likoni, Mombasa