Mkunga hayumo kwenye fomu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile taarifa yenu ya wakunga binafsi wasio na bima imenichoma. Eti tunakwepa gharama. Nani kawaambia? Bima tunaitafuta, hatuuziwi.

Nilistaafu serikalini nikafungua kliniki ya wazazi hapa Pasua, Moshi. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ninayo. Mwaka jana nilikwenda ofisi moja ya bima mjini kuomba bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayolipa wakili na fidia mtu akikushtaki kwa kazi yako. Kijana alinipokea vizuri, shikamoo mama, karibu mama, akatoa fomu. Kwenye kazi mna daktari, wakili, mhandisi, mhasibu. Akapekua mbele na nyuma. "Mama, mkunga hayumo. Nikuandike duka la dawa?" Niandikwe duka la dawa, na mimi nazalisha! Ukidanganya kwenye fomu ya bima, siku ya madai kampuni inakuruka na sheria iko upande wake. Ningelipa kila mwaka kwa karatasi isiyonifaa siku mtoto amekwama mabega au mama anamwaga damu. Nikaomba kumwona meneja, naye akasema uzazi una hatari kubwa, hawana hesabu ya kupangia bei. Hofu yao naijua: mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa hahesabiwi muda wa mwisho wa kufungua kesi mpaka atimize miaka 18, kwa hiyo kesi ya usiku wa leo inaweza kunikuta nimeshakuwa kikongwe. Ndiyo sababu naitaka hiyo bima! Tena nyingi za aina hii hulipa tu madai yaliyoletwa bima ikiwa hai. Ukifunga kliniki, umebaki peke yako.

Bodaboda anayemleta mzazi saa nane usiku sheria inamlazimu awe na bima, na kampuni zinamgombania. Akishamshusha mlangoni kwangu, hakuna tena bima. Halafu mwenye uchungu anapandishwaje bodaboda? Ukipiga simu kuomba gari la wagonjwa, unaulizwa mafuta analipa nani. Nimewahi kumpeleka mama hospitali ya Mawenzi kwa bajaji, barabara tope tupu, mkono wangu ukikandamiza mfuko wa uzazi njia nzima na mumewe kashikilia dripu juu. Hilo mbona hamliandiki?

Hili la bima wenzetu wamehangaika nalo. New Zealand tangu 1974 ina mfuko wa taifa unaomlipa aliyeumia bila kumsaka kwanza wa kumshtaki. Australia, kampuni zilipokataa kuwakatia bima wakunga wanaozalisha majumbani, serikali iliwasamehe kisheria sharti la kuwa na bima kuanzia 2010 ili waendelee na kazi.

Kwetu, Chama cha Wakunga kikate bima moja ya pamoja, ada ilipwe siku hiyohiyo ya kuhuisha leseni, na imlinde mkunga hata baada ya kustaafu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima iagize fomu zichapwe upya, mkunga aandikwe mara baada ya daktari. Na huyo atakayepanga bei aje kwanza alale kliniki kwangu Jumamosi moja, siku ya mshahara. Kitanda kipo, chai nitampikia.

Mkunga mstaafu,
Pasua, Moshi