Mwembamba apimiwe chuma, apimiwe na chakula

Mhariri,

Jimu za uani zimejaa hapa Moshi, kuanzia Pasua hadi Majengo, na ni nadra kukosa ndani yake kijana mwembamba anayepiga mikono siku sita kwa wiki ili tisheti imbane. Miezi mitatu inapita, kilo zake ni zilezile. Sisi tunaowafundisha tunaona kosa lao ni moja: hawapimi chochote.

Anayejenga misuli anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 55 ni gramu 88. Mayai manne yana 24 hivi, lita moja ya maziwa 32, maharage gramu 100 yakiwa bado makavu 21, karanga gramu 50 zinampa 12. Hapo amefika, bila poda ya kopo. Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, kinamfaa kuliko chipsi kavu, na mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, unanyweka hata tumbo likishakataa ugali. Apande mizani mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai. Kilo 1 hadi 2 kwa mwezi zinatosha. Zisiposogea kwa wiki mbili, aongeze nusu lita ya maziwa na kiganja cha karanga, si mazoezi.

Wasio na subira humeza vidonge vya deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ili wanenepe haraka. Mashavu yanavimba, marafiki wanasifia, kumbe misuli ya mapaja inalegea. Aliyeitumia kwa muda asiikatishe ghafla, maana mwili umeshapunguza kutengeneza homoni yake. Amwone daktari na amweleze ukweli.

Mazoezi yenyewe ni machache: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma, kujivuta kwenye bomba. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, seti 3 za mara 8 hadi 12, apumzike dakika 2. Visigino vikiinuka, atanue miguu au akanyagishe visigino kipande cha ubao. Akifikisha 12 seti zote bila kupinda mgongo, aongeze uzito kidogo.

Hicho kidogo ndicho hakipo kwenye jimu zetu, ambako chuma ni bomba lenye kopo lililojazwa zege kila ncha. Kijana anatoka bomba la kilo 20 anaruka la 30, bega linalipa. Chupa mbili za maji za nusu lita, moja kila upande, zikikazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli zisibembee, zinaongeza kilo 1. Baadaye aweke za lita moja.

Jambo jingine, kopo la zege halivuliki kwenye bomba. Chuma cha dukani kisichofungwa ncha, ukizidiwa unakiinamisha na visahani vinateleza vyenyewe. Kopo la zege linabaki nawe hapo kifuani. Asiyekuwa na mwenzake wa kusimama kichwani asilale benchi. Apige pushapu na begi la mchanga mgongoni.

Nanyi wenye jimu, makopo mawili ya rangi ya lita 4, hata yakijazwa zege siku moja, yanaweza yasilingane. Kokoto zikizidi upande mmoja, bomba linainama na mgongo wa mtoto wa watu unafuata. Pimeni zege kwenye mizani kabla ya kumimina, likikauka pimeni chuma kizima, kisha andikeni kilo kwa rangi palepale kwenye kopo.

Wapiga chuma wa mtaani,
Moshi