Barua ya wazi: Mheshimiwa, mafundi wa barafu Kigoma tunaisha

Shikamoo Mheshimiwa. Ofisi yako sitaitaja na kiwanda sitakitaja, mwenyewe unajijua, maana ndo wewe ulikuja kukata utepe siku mtambo wa kompyuta unawashwa, ukasema mbele yetu hakuna fundi atakayepoteza kazi, mashine imekuja kutusaidia tu. Nilikuwa mstari wa mbele na nilikuamini.

Tulikuwa mafundi saba. Wamebaki vijana wawili na tableti. Mi nilitolewa baada ya miaka 19, saizi nachomelea mageti hapa Mwanga, siku nyingine sipati hata elfu tano na nina mtoto form tuu.

Sasa wiki iliyopita kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kugandisha barafu, ikawa inajizima. Skrini inaandika presha kubwa, vijana wanawasha, inazima tena, wakapiga simu Dar, huko wakaangalia kwa intaneti wakasema sensa imekufa subirini nyingine. Siku mbili. Samaki wa watu, migebuka, pale mwaloni Kibirizi wameoza kwa kukosa barafu, kuna mama nimemuona analia kwenye ndoo zake. Sensa ikaja ikafungwa na bado inazima, ndo nikaitwa. Nikashika bomba la kondensa, pale maji ya ziwa yanapopoza gesi, maji yanatoka kidogo halafu ya moto balaa, nikajua chujio la maji ya ziwa limeziba. Tukalifungua, tope na majani yamejaa. Dakika 40 tu!

Siwalaumu vijana, hajawahi mtu kuwaambia shika bomba. Mi nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa ananikataza kuangalia geji kabla sijasikiliza mashine, mwaka mzima nasikiliza tu na kupaka grisi. Nadhani wakubwa waliona mishahara yetu mikubwa, au labda aliyeuza mtambo ndo aliwaambia fundi hahitajiki tena, sijui, ila hakuna aliyekuja kutuuliza sisi.

Na hili halipo kwetu tu. Mwaka 2009 ndege ya Air France ikitoka Rio kwenda Paris vipima mwendo viliziba kwa barafu juu ya Atlantiki, otopailoti, ile mashine inayoendesha ndege yenyewe, ikajitoa, marubani wakabaki na ndege mikononi na hawakuelewa inafanya nini, wakafa watu 228. Otopailoti nzuri, lakini siku imejitoa anatakiwa mtu mwenye mkono uliozoea.

We Mheshimiwa unaishi Kigoma, ile meli ya Liemba unaijua. Wajerumani waliizamisha 1916 lakini mafundi walishapaka injini grisi kwanza, ikaibuliwa 1924 na 1927 ikarudi kazini. Wale walijua chuma kinataka nini.

Sisemi mtambo ung'olewe, unarekodi joto usiku kucha vizuri kuliko mi. Naomba kila shifti awepo fundi mmoja wa zamani, na vijana waendeshe kwa mkono hata siku moja kwa wiki, skrini imezimwa. Kama hilo zito basi mrudishe mmoja tu, sio lazima mi, mrudisheni yule mzee wa gesi, maana ile ni amonia Mheshimiwa, gesi ya sumu, ikivuja usiku tableti haitabeba mtu kumtoa nje na nyumba za watu zipo pale ukutani. Mmoja tu. Uliahidi mbele yetu.

Mi nipo, namba yangu kiwandani wanayo. Wakiniita kufundisha hao vijana nakuja hata kesho.