Maneno ya taarab yanapotea, mwimbaji asilaumiwe peke yake

Mhariri,

Kila msimu wa harusi malalamiko ni yaleyale: taarab imepigwa, watu wameziba masikio, na shairi halikusikika. Wanaolaumiwa ni waimbaji, eti wanapiga makelele. Wanaonewa.

Mtu asiyejisikia hukaza koo bila ya kujijua. Spika zote zikiwaelekea wageni, mwimbaji aliye nyuma yake hupata mvumo wa besi tu, basi hupandisha sauti mpaka ikwaruze. Kinachomfaa ni spika ndogo sakafuni, imtazame yeye, na mgongo wa maikrofoni uielekee spika hiyo. Maikrofoni nyingi za kuimbia hupokea sauti ya mbele na kuikataa ya nyuma, kwa hivyo mluzi, yaani sauti ya spika kuirudia maikrofoni, hautoki kwa urahisi. Ila asiishike kwenye kichwa cha wavu, kama wanavyopenda vijana. Matundu ya nyuma yakizibwa hupokea kila upande, mluzi ukaanza, fundi wa sauti akampunguza mwimbaji, naye akazidi kukaza.

Halafu kuna umbali baina ya mdomo na maikrofoni. Enzi za Siti binti Saad mwimbaji alitegemea kifua chake kuvuka udi na fidla. Ule ukali unaopitia puani kidogo una nguvu karibu na hezi 3,000 (yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde), pahala ambapo sikio la binaadamu ni jepesi mno, ndiyo maana ulifika mbali. Ukali huohuo ukimiminwa mdomo kwa mdomo kwenye maikrofoni, unachoma. Kwa sauti ya chini, vidole vitatu kutoka mdomoni vinatosha. Akipanda, aisogeze hadi shubiri moja. Umbali huo ukiongezeka mara mbili, sauti hushuka kiasi cha desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), bila ya fundi kugusa kitu. Akiiganda mno, besi hujaa na maneno huwa mazito. Hapo fundi akate chini ya hezi 100. "P" na "b" zikipasua, maikrofoni ielekezwe pembeni kidogo ya mdomo.

Nawaomba sana mafundi wasiue ukali wote kwa kuzishusha hizo hezi 3,000. Humo ndimo zinamokaa konsonanti, na fumbo lisilo na konsonanti halimfikii aliyekusudiwa. Wapunguze kwanza besi na kinanda, wamsikilize mwimbaji na udi peke yao, ndipo vyombo vyengine viongezwe kimoja kimoja.

Mpenzi wa taarab,
Unguja