Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: tuta moja liwe la kung'olewa

Mheshimiwa Afisa Elimu,

Bustani ya shule ikikaguliwa, swali la kwanza ni mavuno. Ndiyo maana mtoto hukatazwa kugusa mche, na somo la sehemu za mmea huishia juu ya udongo. Tunaomba kila shule itenge tuta moja lisilodaiwa mavuno, ambalo watoto watang'oa miche yake na kuichunguza. Mita 1 kwa 3 linatosha.

Lipandwe maharage na mahindi kwa awamu, mstari mmoja wa kila zao kila wiki kwa wiki 5. Yakipandwa yote siku moja, darasa litaona hatua moja tu ya ukuaji. Mbegu ifukiwe kina cha sentimita 3 hivi. Watoto hupenda kuifukia chini sana na kuimwagilia kila mara. Ikikosa hewa huoza.

Kabla ya kupanda, mtoto aloweke harage usiku kucha, alimenye ganda, atenganishe pande zake mbili taratibu. Katikati atakuta kimmea kimelala: vijani viwili vilivyokunjamana na ncha itakayokuwa mzizi. Hapo mchoro wa ubaoni hauna kazi.

Kung'oa ndiko kunakoharibiwa zaidi. Shina likivutwa, mizizi hukatikia ardhini. Tuta liloweshwe kwanza, mche uchimbuliwe kwa kuuzungukia, uinuliwe na bonge lake, kisha utumbukizwe kwenye ndoo ya maji udongo uachie wenyewe. Mahindi yataonyesha mizizi nyuzi. Harage, mzizi mkuu wenye vinundu. Katika mche wa wiki 4 au 5, kinundu kipasuliwe kwa ukucha: kikiwa na wekundu ndani, bakteria waishio ndani yake wananasa naitrojeni, kirutubisho cha mmea, kutoka hewani. Tuta hili lisiwekwe yurea, mbolea ya naitrojeni, maana naitrojeni ikizidi vinundu huwa haba, na mwalimu atabaki akisimulia asichoweza kuonyesha.

Pembeni viwepo kiazi kitamu, kiazi mviringo na kitunguu. Watoto wengi watasema vyote ni mizizi. Kiazi kitamu ndicho mzizi. Kiazi mviringo ni shina, na macho yake ni machipukizi. Kitunguu ni majani yaliyonenepa. Shina lake ni kile kisahani kigumu tunachokikata na kukitupa.

Jambo la mwisho, Mheshimiwa: mwanafunzi asipelekwe kwenye tuta hili kwa adhabu. Aliyelimishwa kwa kosa Jumatatu hatauchunguza mzizi Jumanne.

Wako katika kazi,
Walimu wa sayansi