Barua ya wazi kwa binamu yangu mwenye steshenari

Binamu,

Simu zangu hupokei tangu harusi, na kwenye grupu la ukoo unasoma kimya kimya unapita. Basi usome hapa, pamoja na wengine wenye maduka kama lako.

Nianze na Shangazi, maana hapo ndipo tulipokwama. Zile meseji zilipomiminika kwenye grupu la kamati kwa jina lake, "naombeni laki mbili, jioni narudisha", watu walituma. Nani angemhoji Shangazi wiki ya harusi? Ukasimama mbele ya wazee ukasema, "Si fundi wenu huyu ndiye aliyemwekea hiyo WhatsApp?" Ukakaa, ukavuta kiti. Baba Mdogo akageuka kunitazama mimi, fundi wa kompyuta. Hilo, binamu, bado limenikaa kooni.

Sasa tuseme kilichotokea. Mwizi aliandika namba ya Shangazi kwenye simu yake yeye. WhatsApp ikatuma namba sita za uthibitisho kwa SMS kwenye laini ya Shangazi, na simu ya Shangazi ilikuwa kaunta kwako inachajiwa. Akapiga mtu anayejiita wa kamati, akaomba asomewe "namba za kumuunga kwenye grupu". Ukazisoma. Meseji yenyewe inaonya zisipewe mtu yeyote! Hakuna kamati, benki wala kampuni ya simu yenye shida na namba hizo. Anayezitaka ni mtu anayejaribu kuingia kwenye akaunti isiyo yake. Kuweka WhatsApp na kusoma zile namba ni mambo mawili, na la pili silo langu.

Kisha ukamshauri avunje laini. Laini ndiyo iliyokuwa ufunguo wa kurudi! Kilichotakiwa ni kufungua WhatsApp kwenye simu yake, kuandika namba yake upya, kupokea namba sita mpya na kuziingiza. Papo hapo mwizi anatupwa nje. Kama mwizi amewahi kuweka PIN yake ya hatua mbili, ile namba ya siri ya ziada ya WhatsApp, mwenye namba atasubiri siku 7 ili aingie bila PIN hiyo, lakini mwizi naye kashatoka. Huku nyuma, ndugu wanapigiwa simu ya kawaida kuambiwa wasitume kitu. Baba Mdogo, ambaye kashatuma, anapiga kwa kampuni yake ya simu muda uleule kuomba muamala uzuiwe, halafu anakwenda polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa aliyoandikisha. Dakika hizo sisi tulizitumia kubishana nani kamwekea nani nini.

Sisahau kwamba wewe ndiye uliyekesha ukiprinti wasifu wa Babu usiku wa msiba, nakala zaidi ya mia, na hukudai hata hela ya karatasi. Ndiyo maana nakuandikia wewe, si mwenye duka mwingine.

Ile kompyuta yako ya dirishani inanitia hofu kuliko simu ya Shangazi. Msimu wa maombi ya mkopo wa masomo wa HESLB wanafunzi wanapanga foleni, kila mmoja anaingia kwenye barua pepe yake, brauza inauliza kama itunze paswedi, na kijana wako anabonyeza ndiyo ili swali liondoke. Anayefuata akiandika herufi moja tu, anaona anwani za barua pepe za waliomtangulia. Dawa ipo na ni ya bure: kwenye Chrome bonyeza picha ya wasifu juu kulia, chagua Mgeni, mteja afanyie kazi humo. Dirisha likifungwa, historia na akaunti alizoingia vinafutika.

Visivyofutika ni mafaili yaliyopakuliwa. Folda yako ya Downloads ina vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA na taarifa za benki za watu ambao hata huwajui majina. Kila jioni yachague, bonyeza Shift na Delete pamoja ili yasipitie pipa la taka. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye steshenari naye anashika taarifa za watu. Pia mteja aliyefungua WhatsApp kwenye kompyuta ili aprinti, asiondoke kabla hajaingia kwenye simu yake, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, akaitoa mashine yako.

Kuhusu flashi: mteja anapolalamika kwamba mafaili yake yamegeuka shotikati (zile aikoni za njia ya mkato), mara nyingi hayajapotea. Kirusi kimeyaficha na kuweka shotikati mahali pake. Ukiibonyeza inaendesha kirusi kwanza, ndipo inakufungulia folda usishtuke. Usiibonyeze. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na kama kompyuta imeipa flashi herufi F, andika

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Mafaili yatajitokeza. Lakini amri hiyo haiui kirusi, inafichua tu. Piga skani ya Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, kwenye flashi na kwenye kompyuta yenyewe, la sivyo kila flashi itakayochomekwa itarudi kwa mwenyewe na ugonjwa. Na kwenye File Explorer, menyu ya View, washa uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili, zile herufi za mwisho baada ya nukta. Hapo "risiti.pdf" itakuonyesha kumbe ni risiti.pdf.exe, yaani programu, si waraka.

Defender yako lakini imezimwa. Ilizimwa siku ulipoweka kile kiprogramu cha kuamshia Windows bila leseni, kwa sababu maelekezo yake yalianza na "zima antivirusi kwanza". Nilikuambia siku ileile, ukasema mafundi tunapenda kutishia watu ili tupate kazi. Viprogramu vya namna hiyo mara nyingi hubeba programu mwizi inayokomba paswedi zilizotunzwa kwenye brauza pamoja na vidakuzi, yaani alama zinazoiambia tovuti kwamba ulishaingia, na mwenye vidakuzi anaweza kuingia kwenye akaunti bila kuulizwa paswedi wala hatua ya pili. Kubadilisha paswedi kwenye mashine hiyohiyo ni kumpa mwizi paswedi mpya. Badilisha ukiwa kwenye kifaa kingine kisafi, kisha zitoe akaunti kwenye vifaa vyote, halafu mashine ifutwe na kupigwa Windows upya. Na isiwe Windows 10: tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama. Ikikataa Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0, ile chipu ya usalama, weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kwenye mashine ya wateja, ila jaribu printa yako kwanza kabla hujafuta chochote.

Jumamosi Shangazi atapita dukani na laini yake mpya. Mwekee ile PIN ya hatua mbili: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. PIN aichague mwenyewe, usiitazame, na barua pepe ya kuirudishia iwe ya binti yake, siyo yako.