Mahakama mbili zipo Arusha, mwananchi anabaki nje kwanini?

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo linalonikaa rohoni, ni kuhusu zile mahakama mbili za pale Arusha, maana naona kwenye mikutano ya siasa hazitajwi kabisa na wananchi wengi hawajui hata kwamba walikuwa na haki ya kwenda pale wenyewe bila kupitia kwa waziri wala balozi. Nazungumzia Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilishafungwa 2015, watu bado wanazichanganya.

Ninachosema ni hiki, serikali zetu hazizifuti hizi mahakama. Zinaziacha na majaji wake na bendera zake, ila mwananchi anapunguziwa njia ya kuzifikia kidogokidogo mpaka anajikuta hana pa kuingilia, na kwa vile jengo bado lipo hakuna anayepiga kelele.

Kwa wasiojua umuhimu wake ngoja niwakumbushe ya Uganda. Novemba 2005 Mahakama Kuu pale Kampala iliwapa dhamana watu 14 walioshtakiwa kwa uhaini. Karatasi za dhamana zilikuwa bado zinaandaliwa, mara watu wa usalama wenye silaha wakaizingira mahakama, washtakiwa wakarudishwa gerezani, na kesho yake wakapelekwa mahakama ya kijeshi wakasomewa mashtaka mapya. Januari 2006 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikasema wazi kwamba kitendo kile ni kinyume cha katiba, bado hawakuachiwa. Machi 2007 wakapewa dhamana tena, na mahakama ikazingirwa tena. Sasa hapo jiulize mtu aende wapi, maana mahakama ya nchi yake imeshasema na tena imerudia, na mwenye bunduki hasikii.

Wakaja Arusha, kwenye Mahakama ya Jumuiya. Na shida ikawa kwamba Mkataba wa Jumuiya, Ibara ya 27, unasema mamlaka ya haki za binadamu mahakama itapewa baadaye kwa itifaki maalum, yaani wakati ule haikuwa nayo na mpaka leo haijapewa. Mawakili wa serikali wakaishikilia hiyo. Majaji wakajibu jambo ambalo mimi naliheshimu sana, kwamba hawatajipa mamlaka ya kuamua kesi za haki za binadamu lakini pia hawataikimbia kazi yao ya kutafsiri Mkataba eti kwasababu ndani ya malalamiko kuna haki za binadamu, na Mkataba wenyewe kwenye Ibara ya 6(d) na 7(2) umezifunga nchi zote kwenye utawala wa sheria. Tarehe 1 Novemba 2007 wakaamua kwamba Uganda imevunja Mkataba. Ni kesi ya Katabazi na wenzake, nashangaa kwanini haifundishwi kwenye uraia mashuleni.

Kupitia njia hiyohiyo Rwanda ikaambiwa 2011 kwamba kumshikilia mwanajeshi miezi mitano bila kumfikisha mahakamani ni kuvunja Mkataba, Burundi 2015 ikaambiwa baadhi ya vifungu vya sheria yake ya habari havifai, na hapa kwetu gazeti la Mseto ambalo ni gazeti la Kiswahili kama hili lako Mhariri, lilifungiwa miaka mitatu na waziri Agosti 2016, mahakama ikasema Juni 2018 kwamba amri ile inakiuka Mkataba na gazeti liruhusiwe kurudi. Machi 2019 ikaja nyingine, vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 navyo vikakutwa na kasoro ileile, na 2023 Bunge likafanyia marekebisho baadhi. Kwahiyo inawezekana. Inachukua muda ila inawezekana.

Sasa tuje kwenye mlango. Novemba 2006 mahakama ya Jumuiya ilizuia kwa muda wabunge wa Kenya wasiapishwe kwenye Bunge la Afrika Mashariki, kwasababu ya namna walivyopatikana. Viongozi wakakasirika na Desemba hiyohiyo Mkataba ukabadilishwa. Waliongeza sababu za kumwondoa jaji, wakaweka kitengo cha rufaa (hilo sina tatizo nalo), alafu wakaingiza sharti kwamba mwananchi akitaka kushtaki lazima afungue shauri ndani ya miezi miwili tangu tukio litokee au tangu alipolijua. Chama cha wanasheria cha Afrika Mashariki kilikwenda kupinga, mahakama ikakubali kabisa kwamba wananchi hawakushirikishwa na kwamba Mkataba ulikiukwa, lakini marekebisho yakaachwa yasimame.

Miezi miwili jamani! Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Kilimanjaro, watu wanakuja na bahasha ya kaki imejaa makaratasi ya miaka, na mara nyingi hata nakala ya hukumu au barua ya kuwafukuza kwenye ardhi bado wanaifuatilia masjala, njoo kesho, njoo Jumatatu, karani yupo semina. Hiyo miezi miwili inaisha mtu hajapata karatasi ya kuonyesha ameonewa. Na wanaouawa au kuteswa ndugu zao nao je? Operesheni ya kijeshi ya Mlima Elgon kule Kenya ilimalizika 2008, shirika likapeleka kesi 2010 kuhusu mateso na watu kupotezwa, Kitengo cha Mwanzo kikakubali kusikiliza 2011, alafu Machi 2012 Kitengo cha Rufaa kikaitupa kwasababu muda umepita. Hawakusema hakuna aliyeteswa, walisema mmechelewa. Mtu ambaye mwanae hajulikani alipo anaambiwa angehesabu siku sitini, mimi hili linaniuma kweli.

Na ile itifaki ya haki za binadamu iliyoahidiwa imekwama. Waliandaa itifaki ya kuiongezea mahakama mamlaka kwenye biashara, uwekezaji na mambo ya umoja wa fedha, haki za binadamu wakaziacha nje.

Ile ya pili, Mahakama ya Afrika, hiyo ndio inatugusa Watanzania moja kwa moja. Ili mwananchi aifikie mwenyewe nchi yake lazima iwe imetoa tamko la kuruhusu hivyo chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoiunda mahakama hiyo. Tanzania tulitoa 2010 na nilijivunia, maana mahakama ipo kwetu na sisi wenyewe tunaruhusu watu wetu. Marehemu Mchungaji Mtikila akaenda na suala la mgombea binafsi. Huyu alishinda Mahakama Kuu 1994 Bunge likabadilisha katiba, akashinda tena 2006, 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la kisiasa sio la mahakama, akavuka barabara kwenda kwenye mahakama ya Afrika na Juni 2013 ikampa haki. Mpaka uchaguzi wa 2025 mgombea binafsi hakuna. Wafungwa nao wakaanza kuandika kutoka magerezani, 2015 kuna aliyekuwa anatumikia miaka 30 ya unyang'anyi wa kutumia silaha, ikaonekana hakuwahi kupewa wakili na utetezi kwenye kesi yake uliendeshwa yeye hayupo.

Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko. Wiki moja tu baadaye mahakama ikatoa hukumu kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Serikali ilisema tamko lilikuwa linatumika kinyume na masharti iliyoweka, kwamba mtu amalize kwanza njia za ndani. Sawa, hoja ya kumaliza njia za ndani ni ya msingi na hata mimi naiunga mkono, lakini hiyo inabishaniwa mbele ya majaji, kesi kwa kesi, na mahakama ilikuwa inazitupa zisizotimiza sharti hilo. Kumfungia kila mtu kwasababu hukupenda baadhi ya maamuzi hilo sio jibu. Tangu Novemba 2020 Mtanzania hawezi kufungua kesi mpya mwenyewe pale, apitie Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul kule Gambia, na Tume ndio iamue kama italipeleka shauri lake kwenye mahakama iliyopo Arusha!

Hatuko peke yetu, Rwanda ilitangulia 2016, Benin na Ivory Coast zikafuata 2020. Na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo nasi tumo, walishafanya zaidi, Zimbabwe iliposhindwa 2008 kwenye kesi ya mashamba mahakama yao ya Windhoek, Namibia, ikasimamishwa 2010, na itifaki mpya ya 2014 ikawaondoa wananchi kabisa, zikabaki kesi za nchi kwa nchi. Mahakama Kuu yetu wenyewe hapa Dar 2019 ilisema hatua ile haiendani na utawala wa sheria. Majaji wetu wanaona, kwanini serikali isione?

Kuna watakaosema mambo ya uhuru wa nchi, mahakama za nje zisituingilie. Hizi sio za nje. Mikataba tulisaini wenyewe bila kulazimishwa, na Ibara ya 38 ya Mkataba wa Jumuiya inasema hukumu itekelezwe bila kuchelewa.

Naomba wabunge wetu waulize bungeni tamko la 34(6) linarudishwa lini, ni barua ya serikali kwenda Umoja wa Afrika, Addis Ababa, haihitaji bajeti ya mabilioni. Na kwenye Jumuiya nchi mwanachama yoyote inaweza kupeleka pendekezo la kubadili Mkataba, basi Tanzania ipeleke, hiyo miezi miwili iwe angalau mwaka mmoja, na kwa waliopotezewa ndugu muda usianze kuhesabiwa mpaka serikali iseme walipo.

Msomaji wako,
Msaidizi wa kisheria, Moshi